Jajja, kiwotoka na laini yangu ya Tanzania

Hapa Mutukula nina duka la kuchapa barua, kutoa fotokopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Nikisimama mlangoni naona malori yaliyopanga foleni kuvuka kwenda Tanzania. Kuanzia asubuhi mpaka nafunga, ninazungumza Luganda na muuza matoke aliye jirani yangu, Kiswahili na madereva, Runyankole ya kuombea maji na watu wa ng'ombe, na Kiingereza kwa ajili ya fomu. Nyumbani kwetu ni Kiswahili. Baba alikuwa askari, sisi tulikulia kambini, na kambini Mwacholi, Mteso na Mganda tulicheza gololi kwa lugha moja.

Juma lililopita aliingia jajja mmoja kutoka kijiji cha nyuma ya barabara kuu. (Kwa msomaji wa mbali: jajja ni babu au bibi, na huku mzee yeyote tunamwita hivyo.) Hakuwa na karatasi ya kuchapa. Alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba, akakiweka juu ya mashine yangu ya fotokopi na kukifungua taratibu. Kilikuwa kipande cha mkungu. Ndizi mbili zilikuwa zimeiva kabla ya wakati, nyingine bado kijani. Akaimega moja mbele yangu: ndani kulikuwa na rangi ya kutu. Kwenye kikonyo kilichokatwa kulitoka ute wa manjano, ukanata kwenye kidole chake.

"Muwala wange (binti yangu), unaona?"

"Naona, jajja. Kiwotoka?"

"Kiwotoka. Mashina sita tayari. Nitafutie dawa humo ndani ya kompyuta yako, nitakulipa."

Kiwotoka ndivyo Waganda wanavyouita ugonjwa wa kunyauka kwa migomba. Nikaandika neno hilo moja, kiwotoka. Injini ya utafutaji ikadhani nimekosea herufi, ikanipa neno lingine nisilolijua. Nikajaribu jina la Kiingereza, zikaja kurasa za watafiti, ndefu, zenye majedwali. Nilielewa nusu, na hiyo nusu nisingeweza kumgeuzia mzee akiwa amesimama. Nikaandika "ugonjwa wa ndizi", nikaletewa mapishi. Hapo kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa asingelifikiria: kwenye Kiswahili ndizi ni ndizi zote, lakini kwa Mganda ndizi ni ile ndogo tamu ya kula mbivu, na ya kupika ni matoke. Neno moja, mashamba mawili. Mwisho nikakumbuka jinsi Wahaya wa Tanzania wanaokuja kuuza maharage hapa wanavyouita ugonjwa huo, nikaandika "mnyauko wa migomba". Ukurasa mzima wa kwanza ukaja kwa Kiingereza, ingawa nilikuwa nimeuliza kwa Kiswahili safi.

Simu yangu ina laini mbili, kama simu nyingi za mpakani. Kompyuta inapata intaneti kutoka kwenye simu hiyo. Nikazima data ya laini ya Uganda, nikawasha ya Tanzania, nikabonyeza kutafuta tena bila kubadilisha herufi hata moja. Jibu la tatu lilikuwa mwongozo wa Kiswahili ulioandikiwa wakulima wa migomba wa Kagera.

Maneno yale yale, meza ile ile, jajja yule yule amesimama na jani lake. Kagera ni hapo ng'ambo ya geti, na jajja hununua samaki huko. Maelezo aliyoyahitaji yalikuwepo muda wote, kwa lugha anayoielewa, ila mashine ilikuwa imeshaamua kwamba aliyeko Uganda asome Kiingereza.

Jambo hili limenisumbua siku zote hizi, na nimelichimba kadiri nilivyoweza. Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, hudhani kuna mahali pamoja tu pa kuchagua lugha. Ni mahali patatu. Kuna lugha ya vitufe na menyu. Kuna lugha ya matokeo yenyewe. Halafu kuna nchi unayohesabiwa kuwa umo, na hiyo mara nyingi hupimwa kwa anwani ya mtandao unaoutumia, ndiyo maana kubadili laini kulinivusha mpaka bila pasipoti. Mimi tangu mwaka jana nilikuwa nimeweka menyu kwa Kiswahili na kuridhika. Vitufe vilikuwa vinanisalimia kwa Kiswahili huku majibu yakibaki yale yale.

Kivinjari nacho, yaani programu ya kufungulia tovuti, kina orodha yake. Kila kinapoomba ukurasa, hutuma pamoja na ombi hilo lugha za mwenye kompyuta kwa mpangilio, kila moja na uzito wake: ya kwanza 1, inayofuata labda 0.9, kisha 0.8. Niliposoma hivyo nilifurahi sana, kwa sababu ndivyo mtu wa huku alivyo. Hatuna lugha moja ya kuweka tiki. Tuna safu. Nimeingia kwenye mipangilio nikapanga yangu: Kiswahili, Luganda, Kiingereza. Tovuti iliyo tayari na kurasa za lugha kadhaa inaweza kuisoma safu hiyo na kunipa inayonifaa. Lakini tovuti nyingi haziitazami kabisa.

Kwenye mipangilio ya matokeo ya utafutaji nilikuta kitu kingine, kichujio. Ukitia tiki Kiswahili peke yake, vingine vyote vinafungiwa nje. Nilikijaribu siku mbili nikakiacha. Asubuhi nilihitaji fomu ya serikali, ambayo iko kwa Kiingereza tu. Mchana mama mmoja alitaka maneno ya Luganda ya kuandika kwenye kadi ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba) ya binti yake. Mimi sitaki ukuta. Ninachotaka ni kuiambia mashine: tanguliza Kiswahili kama kipo, kisha Luganda, na Kiingereza kije nyuma yao bila kufukuzwa. Na kwa mambo ya sheria na kodi, Kiingereza ndicho kiwe mbele. Mtu anayeishi na lugha nne hazitumii kwa zamu za kalenda. Kila jambo lina lugha yake.

Najua si kazi rahisi kwa mashine. Ukiandika neno "soma", ni Kiswahili au ni Luganda? Ni vyote viwili. Nyama na ennyama, mbuzi na embuzi, hizi ni lugha za ukoo mmoja, na mtu akitafuta huandika maneno mawili au matatu tu. Ndiyo sababu ningependa iniulize mimi, isiulize mnara wa simu.

Katiba yetu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba kitumike rasmi na kifundishwe shuleni. Wanafunzi wa sekondari wanakuja dukani kwangu kutafuta ngeli na methali kwa ajili ya kazi zao za darasani, na wengine nyumbani kwao hakuna anayekisema; wazazi wao bado wanakikumbuka kama lugha ya askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani. Nikiwa mtoto wa askari, naumia kusikia hivyo, na naelewa kwa nini wanasema. Mtoto wa namna hiyo anapoandika swali lake kwa Kiswahili akajibiwa kwa Kiingereza, anarudi nyumbani na hakika kwamba kweli lugha hii si ya nchi yake.

Luganda nayo imeanza kuonekana. Google Translate iliiongeza mwaka 2022, na mwaka 2024 zikaingia Kiacholi na Kialur. Nimeitumia na inasaidia. Ila kutafsiriwa ukurasa wa mgeni ni tofauti na kuletewa ukurasa alioandika jirani yako.

Jajja nilimsomea mwongozo wote. Aliponisikia nikisema hakuna dawa ya kunyunyiza, alinyamaza, akafunga kile kipande kwenye jani lake. Kisha akasema, "Endelea." Nilimchapia kwa herufi kubwa, na juu kabisa, pale palipoandikwa mnyauko, nikaongeza kwa kalamu nyekundu: KIWOTOKA. Akataka nakala tano za majirani. Sikumtoza.

Naandika hapa chini kwa maneno yangu, ili mtu mwingine akitafuta kiwotoka, ugonjwa wa matoke au mnyauko wa migomba, kwa laini yoyote ile, apate pa kuanzia.

Ugonjwa huu husababishwa na bakteria, na ulionekana Uganda mwaka 2001. Wadudu wanaotembelea maua huueneza, na panga nalo huueneza. Kichana cha mwisho kikishatoka, lile ua la chini lichomoe kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa kisu. Panga lililogusa shina gonjwa lipitishe motoni mpaka lisishikike, au lisafishe kwa jiki, kabla ya kugusa shina jingine. Shina lenye dalili likate usawa wa ardhi mara unapoliona, na urudi kukagua kila wiki. Miche usichukue kwenye shamba lenye ugonjwa, hata akikupa ndugu yako. Mbuzi wafunge mbali na migomba.