Jinsi nilivyoifuata kaboni 14 hadi ndani ya lignini

Kupata mionzi ya kaboni 14, aina ya kaboni inayotoa mionzi, katika shina la ngano si kazi. Kazi ni kuthibitisha kwamba mionzi hiyo imo kwenye lignini yenyewe, kitu kinachoupa mmea ugumu, na huko ndiko nilikotumia nguvu zangu.

Nililisha mimea fenilalanini, asidi amino ambayo mmea huigeuza kuwa asidi ya sinamiki, kisha hatua kwa hatua kuwa lignini. Lakini fenilalanini hiyohiyo huingia pia kwenye protini, kwa hiyo kupima shina zima hakuthibitishi kitu.

Jambo lililoamua yote ni mahali pa alama, yaani ni kaboni ipi ya molekuli iliyo kaboni 14. Nilichagua fenilalanini yenye kaboni 14 kwenye kaboni ya mnyororo wa pembeni inayogusa pete ya kaboni sita. Nitrobenzini, kemikali ya kuoksidisha, ndani ya alkali moto, inapoivunja lignini, huacha pete na kaboni hiyo moja tu: ndiyo vanilini, kemikali yenye harufu ya vanila, na jamaa zake. Kama alama ingekuwa kwenye kundi la kaboksili, mwisho wa mnyororo, ingepotea hapo.

Mashina niliyakata yakiwa ndani ya maji ili hewa isizibe mishipa, nikayasimamisha kwenye kiasi kidogo cha maji yenye fenilalanini hiyo ya alama. Ilipokwisha kunywewa, nikaongeza maji safi. Chembe za beta zinazotoka kwenye kaboni 14 ni dhaifu, nishati yake haizidi keV 156, hivyo hatari kubwa ni kuimeza au kuivuta. Na mmea unapumua! Hewa ya ukaa inayotoka ina mionzi, nami niliipitisha kwenye alkali inayoinasa.

Kisha kuosha, hatua ninayoiheshimu kuliko zote: ethanoli moto, maji, halafu kimeng'enya kinachosaga protini. Kila maji ya kuoshea niliyapima, na sikuendelea mpaka yakabaki na mionzi ya kawaida ya mazingira tu.

Vanilini niliyoipata niliifanya fuwele tena na tena hadi mionzi kwa kila gramu ikaacha kubadilika. Hapo tu ndipo niliilinganisha na ya fenilalanini niliyolisha. Brown na Neish walifuata njia ya namna hii nchini Kanada katika miaka ya 1950, na bado naiona safi kuliko njia nyingi za mkato.

Baadaye nilijaribu tirosini, asidi amino nyingine. Ngano iliipeleka kwenye lignini vizuri, kama ilivyo kwa jamii ya nyasi. Mimea mingi mingine huitumia kidogo sana.