Mche wa Sabuni

Nyumbani kwetu, nyanda za juu za Mbulu, ukutani palikuwa na picha moja tu: baba akiwa kijana, fulana ya jeshi yenye namba kifuani, mdomo wazi, mguu mmoja hewani. Alistaafu akiwa koplo, na kijijini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Koplo, basi. Aliwahi kukimbia mita 1,500 kwenye mashindano ya jeshini miaka ya sabini, enzi ambazo kila kijana wa kwetu alitaka kuwa Filbert Bayi.

Na Bayi ni wa kwetu hasa. Kwao Karatu, ambako wakati huo kulikuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu. Baba alisimulia mbio za Christchurch utadhani alikuwepo: tarehe 2 Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi anachomoka tangu bastola inalia, John Walker anamkimbiza mbele ya watu wa kwao New Zealand, wanapiga kelele uwanja mzima, hamfikii. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Kisha baba alimalizia kwa maneno yaleyale kila mara: "Mgongo wa mtu hakuuona."

Mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza, miguu mirefu kama yake, kwa hiyo kijiji kilishaamua. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba naye akanitunza kama dume la mbegu. Sikutumwa maji, sikubebeshwa kuni. "Miguu ya mbio haibebi ndoo," alisema. Maji walichota mama na mdogo wangu wa kike, alfajiri kabla ya shule na tena jioni, kwenye chemchemi ya korongoni, wakipanda mlima ambao mbuzi wenyewe hupumzika katikati. Mimi nilibaki uani nikinyoosha viungo. Leo naona aibu kuliandika hili. Wakati ule niliona ni haki yangu.

Mwaka 1991, nikiwa darasa la saba, shule za tarafa yetu zilikutana uwanjani kwetu kuchagua timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Ng'ombe waliswagwa, mistari ikachorwa kwa majivu. Uwanja wenyewe ulikuwa umeinama. Upande wa goli la juu ulikuwa kipandio kabisa. Wazazi walijaa. Baba alikaa kwenye benchi la wageni pamoja na mwenyekiti wa kijiji.

Filimbi ilipolia nilichomoka kama Bayi. Mzunguko wa kwanza sikuuona mgongo wa mtu. Wa pili pia, ingawa nilianza kusikia kifua changu kikilia kama mvukuto. Mzunguko wa tatu, pale kwenye kipandio, pumzi ikakata. Nikauona mgongo wa kwanza. Halafu wa pili na wa tatu wakiwa sambamba. Nilipofika mwisho nilikuwa nimehesabu migongo saba.

Cha ajabu, hakuna aliyetikisika. "Ameanza vibaya tu," walisema wazee, "damu ipo." Hapo ndipo utamu wa hoja ya damu ulipo: ukishinda ni damu, ukishindwa damu inasubiri.

Ikaja zamu ya wasichana, mita 800. Mdogo wangu alikuwa darasa la tano, peku, sketi ya shule amepiga fundo pembeni. Hakuna aliyemfundisha kukimbia. Alikaa nyuma ya wenzake mzunguko mzima, kisha walipofika kwenye kipandio akawapita mmoja mmoja bila haraka, kama mtu anayewahi nyumbani. Uwanja ukalipuka. "Damu ya Koplo hiyo!" Baba alisimama akapunga mkono.

Mambo yangeishia hapo kama mwalimu wa michezo asingekuwa mtu wa masihara. Alitangaza mbio za kina mama, mzunguko mmoja, zawadi mche wa sabuni na kilo moja ya sukari. Wanawake wakasukumana kwa vicheko. Mama alisukumwa mstarini na jirani yetu, mwenzake wa maji wa miaka yote. Alivua ndala, na badala ya kuziacha akazishika mkononi. Nadhani aliogopa zingeibwa.

Wenzake walikimbia wakicheka, wakishika kanga zisidondoke. Mama hakucheka. Alikimbia shingo imesimama wima, kichwa hakitikisiki, utadhani ndoo iko juu yake kwenye kata. Nilimtazama, nikamkumbuka mdogo wangu pale kwenye kipandio. Shingo ileile. Mama alimaliza mbele ya wenzake kwa umbali wa kumaliza ubishi, akapokea sabuni yake, akavaa ndala.

Palitulia kidogo. Kisha mzee mmoja akasema, "Kumbe tulikuwa tunahesabu upande mmoja!" Watu wakaangua kicheko. Baba alicheka wa mwisho.

Usiku, tukiota moto, baba aliuliza kama utani, "Mama watoto, kumbe ulikuwa unakimbia zamani?"

"Nani alinipulizia filimbi?" mama akajibu huku akipakua ugali.

Baba akaigeuza hoja yake haraka: basi damu ni ya pande mbili, ndiyo maana binti ana kasi. Mama akanielekezea mwiko. "Na huyu alizaliwa na nani?" Mimi nikaona bora nijitetee, nikasema wao wamezoea mlima, maji yamewafundisha. Akanikata nami pia. Jirani yake, akasema, amechota maji naye tangu waolewe, ndoo ni ileile na mlima ni uleule, na leo amekuwa wa mwisho.

Nimekuja kulibishania jambo hili ukubwani, na mara nyingi nakwama palepale alipotukwamisha mama. Watu wa kwetu hupenda kusema mbio ni za damu ya mlimani. Sasa medali za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata ni mbili, zote za fedha, zote Moscow 1980: moja ya Bayi, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, nyingine ya Suleiman Nyambui, mita 5,000, na Nyambui ni mtu wa Majita, kando ya Ziwa Victoria. Wataalamu nao walipoipima jeni ya ACTN3, inayohusishwa na misuli ya kasi, kwa wakimbiaji wa mbio ndefu wa Kenya na Ethiopia, haikueleza kwa nini wao wanashinda na majirani zao hawashindi.

Asubuhi, giza bado, nilikuta ndoo tatu mlangoni badala ya mbili. Mama hakusema kitu. Baba alikohoa chumbani, naye hakusema kitu. Nikaibeba ya tatu, ndogo, ya lita kumi.

Kushuka kulikuwa rahisi. Wakati wa kupanda, pale wanapopumzika mbuzi, nilitua ndoo chini, nusu ya maji yakiwa yameshanilowesha mgongo. Mama alikuwa ameshapotelea juu kwenye ukungu. Mdogo wangu akanipita bila kugeuza shingo, na nikasimama pale nikiutazama mgongo wa nane.