Kaka alivyoacha gongo bila kuzidiwa

Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, hapa Newala, kaka alikuwa anaanza na uraka, pombe ya mabibo, anamalizia na gongo. Akiacha ghafla, mikono inatetemeka hadi uji unamwagika, jasho linamtoka, anaona wadudu ukutani. Tulimfungia ndani, tukampa supu, wapi! Safari hii tukawahi hospitali. Kilichosaidia sana ni mkewe kumtajia daktari saa aliyokunywa mara ya mwisho, maana degedege huja zaidi ndani ya saa 48 za kwanza. Akalazwa, akapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, iliyopunguzwa taratibu, na vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Jamani, anayekunywa kila siku msimwachishe kwa nguvu nyumbani, anaweza kufa. Sasa kaka anaendelea na ushauri nasaha.