Mbegu za Mama, Daftari la Baba

Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla ya miaka miwili kutimia. Wote wamelala pembeni mwa shamba letu la Hombolo, nje ya mji wa Dodoma. Baada ya arobaini ya mama tulikaa kikao cha familia, watoto sita, kuamua namna ya kuwaenzi. Wengi walipendekeza makaburi ya marumaru. Mimi niliomba tuyajengee kwa saruji tu, na fedha itakayobaki ilime shamba.

Mama alikuwa mtunza mbegu za mtama. Kila mavuno alichagua masuke yaliyojaa vizuri, akayatundika juu ya meko ili moshi uyakinge dhidi ya fukusi, na mvua zilipokaribia aliwagawia majirani ambao njaa ilikuwa imewalazimu kula hata akiba ya mbegu. Aliyepewa kibaba alirudisha kibaba baada ya kuvuna, bila nyongeza. Baba, aliyejifunza kuandika ukubwani katika madarasa ya kisomo cha watu wazima, aliandika majina yao kwenye daftari ambalo ninalo hadi leo.

Msimu wangu wa kwanza nilipanda mbegu zote kwa mvua za mwanzo za Desemba. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, nazo mara nyingi hazifiki milimita 600 kwa mwaka, tena hukatika ghafla. Mama alilijua hilo, ndiyo maana hakupanda mbegu zote kwa mkupuo mmoja. Jua liliwaka wiki tatu mfululizo, miche ikakauka. Hasara ya shamba niliweza kuivumilia, lakini kuona mbegu alizozitunza tangu utoto wangu zimepotelea mikononi mwangu kuliniliza.

Ndipo nilipofungua daftari, nikamwendea bibi mmoja ambaye jina lake lilikuwa katika mstari wa mwisho.

“Mwanangu, hizi ni za mama yako,” aliniambia akiteremsha masuke kutoka juu ya meko. “Nilikuwa nangoja kuzirudisha, akatutoka.”

Nilipanda tena Januari, safari hii nusu tu, na mavuno yakapatikana. Mwaka huu tumewagawia majirani kumi na mmoja. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndiye aliyeshikilia zaidi hoja ya marumaru, huja kila Novemba kuandika majina, akianzia chini ya mwandiko wa baba.