Nilivyolehemu redio ya mama mkubwa

Redio ndogo ya mama mkubwa, ambayo huisikiliza kila siku ili apate habari za Kiswahili za Radio Okapi, ilianza kukatika kila alipoichomeka kwenye umeme, hata ikambidi aubane waya kwa jiwe ili isinyamaze. Kwa betri ilisema vizuri, na hilo lilinionyesha kwamba ubovu ulikuwa pale umeme unapoingilia. Nilitoa betri, nikafungua skrubu, nikaimulika bodi, yaani kibao cha ndani chenye njia za shaba za umeme, kwa tochi ya simu. Mguu mmoja wa tundu la waya, kati ya mitatu, ulikuwa umezungukwa na ufa mwembamba kama unywele, na nilipougusa ulicheza ndani ya lehemu yake, yale madini laini yaliyoyeyushwa kuushikiza, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

Sikuwa nimewahi kulehemu. Fundi mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, aliniazima chuma cha kulehemia cha wati 30 pamoja na mita ya kupimia umeme, akanipa lehemu yenye ulimbo ndani, utomvu unaoisaidia kushika, na bodi iliyokufa ya kujifunzia.

“Mwanangu, usiyeyushe lehemu kwenye chuma ukaenda kuipaka,” aliniambia. “Pasha mguu na shaba yake pamoja, kisha lehemu iguse mguu. Ikiyeyuka hapo, imeshika.”

Jioni hiyo nilihangaika na ile bodi ya kujifunzia kwa zaidi ya saa moja, nikapata vitone vya rangi ya majivu vilivyobanduka kwa ukucha. Nilidhani kosa ni la mkono wangu, mpaka nilipopima umeme wa nyumbani nikakuta volti 160 badala ya 220. Nguvu ya chuma cha namna hiyo haishuki sawasawa na volti, bali hushuka kwa mraba wake, hivyo wati 30 zilikuwa zimebaki kama 16 tu. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka karibu na nyuzi 183 hadi 190, lakini ncha isiyo na akiba ya joto hupoa mara tu inapogusa shaba.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri, majirani wakiwa bado wamelala, nikapima volti 215. Nilifungua dirisha kwa ajili ya moshi wa ulimbo, nikaisafisha ncha kwa kitambaa kibichi cha pamba. Miguu miwili ilikubali upesi: lehemu iliingia pande zote kama maji yanayonyweka kwenye udongo, ikabaki inang'aa. Mguu wa tatu, ule uliopasuka, umeungana na shaba pana ya bodi, ambayo hulitawanya joto, na hapo nilihitaji subira zaidi ya nilivyotarajia. Niliongeza tone dogo la lehemu mbichi kwenye ncha ili joto lipite vizuri, nikashikilia kwa sekunde 5 hivi, na lehemu ya zamani ikalainika ghafla, ule ufa ukazibika mbele ya macho yangu. Sikuutikisa mguu hadi ulipopoa.

Nilinawa mikono kwa sabuni kwa sababu ya sumu ya risasi iliyomo kwenye lehemu, kisha nikaichomeka redio na kuuvuta waya huku na huku bila sauti kukatika. Mama mkubwa alilichukua lile jiwe, akalirudisha nje kwenye mlango wa banda la kuku.