Nilivyokipata kilima cha kweli katika asidi ya polilaktiki

Kilima cha kwanza nilichokipata kwenye grafu kilikuwa cha uongo, nami nilikifurahia kwa muda wa nusu siku. Nilikuwa nikipima tabia ya umeme ya asidi ya polilaktiki, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayooza ambayo hutengenezwa kutokana na sukari ya mimea, ili nijue ni mwendo gani wa molekuli unaoiwezesha kuhifadhi chaji. Kwa kuwa polima hii ni kihami umeme, huwekwa kati ya sahani mbili za chuma kama kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji), ikapewa volteji inayogeuka mwelekeo mara kwa mara, kisha hutazamwa inachelewa kiasi gani kuitikia.

Kinachoitikia ni kundi la esta, fungu la atomi za kaboni na oksijeni, lililomo katika kila pingili ya mnyororo, ambalo upande wake mmoja una chaji hasi kidogo na wa pili chaji chanya. Chini ya nyuzi 60 hivi za Selsiasi minyororo huwa imekakamaa kama kioo, na makundi hayo hujipindapinda kidogo tu pale pale yalipo. Joto likizidi hapo, pingili kadhaa huanza kusogea kwa pamoja, na kasi ya mwendo huo ikilingana na ya volteji, nishati nyingi hupotea na grafu huinuka kuwa kilima.

Changu kilitokea kwenye nyuzi arobaini na kitu, mapema mno. Utando nilikuwa nimeutengeneza kwa kuyeyusha chembe za polima katika kloroformu na kuacha kimiminika kikauke. Nilipoupasha joto ndani ya ombwe na kuurudisha kwenye mizani, ulikuwa umepungua uzito: kloroformu ilikuwa bado imejificha humo, ikiilainisha minyororo. Basi nikaiacha njia hiyo, nikaanza kugandamiza chembe kwa joto la nyuzi 190 na kuzipoza ghafla. Kabla ya hapo nilizikausha usiku kucha, maana maji yakikutana na esta katika joto kali huikata minyororo vipandevipande.

Utando mpya ulileta udhia mwingine. Kwenye frikwensi za chini, yaani volteji ikigeuka polepole, ayoni (chembe zenye chaji) chache zilizobaki katika polima zilisafiri kutoka sahani moja hadi nyingine, na mchango wao ukapanda kwa kasi hata ukakimeza kilima chote. Kilichoniokoa ni hesabu. Usafiri huo wa ayoni huonekana katika sehemu ya upotevu wa nishati, lakini hauigusi sehemu ya uhifadhi wa chaji, isipokuwa pale ayoni zinaporundikana kwenye sahani. Nilipochora mteremko wa sehemu hiyo ya uhifadhi dhidi ya logi (logarithimu) ya frikwensi, kilima kikajitokeza peke yake.

Bado kilinisumbua. Juu ya nyuzi 90 kilikuwa kikipungua kimo, nami nikakishuku kifaa kwa siku mbili nzima. Kwenye frikwensi ya hezi 0.01 mzunguko mmoja tu huchukua sekunde 100, kwa hiyo kila awamu ya kupima ilikuwa ndefu. Niliposhikilia joto moja na kurudia kupima, kila awamu ilitoa kilima kifupi kuliko kilichotangulia. Nilipoutoa utando, ambao uliingia ukiwa angavu kama kioo, ulikuwa umeingia ukungu mweupe. Minyororo ilikuwa ikijipanga kuwa fuwele huku nikiipima, na iliyokwisha kujipanga haikuweza tena kugeuka.

Tangu hapo nilipima utando angavu bila kuvuka nyuzi 85, nikianzia hezi 1, na pembeni nikawa na utando mwingine niliouacha makusudi uwe fuwele. Katika huo wa pili kilima kilikuwa kifupi, kipana na chenye kuchelewa, kwa kuwa minyororo iliyobaki ilikuwa imebanwa kati ya fuwele. Kilima kingine kidogo, kinachotokana na kule kujipindapinda papo hapo, hakikuhama kwa kiasi cha kutajika.

Mwishowe nilichora logi ya kasi ya kila mwendo dhidi ya kinyume cha halijoto, yaani moja kugawanywa kwa halijoto ya Kelvini. Nukta za kujipindapinda zilikaa katika mstari ulionyooka. Za pingili zilijikunja, zikazidi kuporomoka kadiri nilivyokaribia nyuzi 60, hata nukta ya mwisho ilinigharimu alasiri nzima kuipata.