Mimi Nimeona

Kuna maneno ya mama mmoja muuza maharage wa soko la Mbuyuni, hapa Moshi, yamenikaa kifuani tangu Jumamosi na hayataki kushuka. Nimefua nayo, nimepiga nayo pasi, nimepanda nayo gari asubuhi na jioni. Naandika, labda yatatulia.

Nilikwenda kununua maharage ya soya njano, sado moja, lile kopo la kupimia. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu, haya mapya, hayana mdudu." Kweli yalikuwa mazuri, yanang'aa, mchanga hakuna. Bei tukapatana bila shida. Aliposhika sado ateke, nikamwambia, "Samahani mama, naomba niione kwanza." Akanipa. Nikaigeuza chini juu, nikapitisha kiganja kwenye kitako chake. Kilikuwa bapa, hakijaguswa na moto.

"Umeona nini?"

"Hamna kitu, mama. Iko sawa."

Akaipokea. Akaipangusa kwa ncha ya khanga yake, taratibu, pale pale nilipokuwa nimeshika. "Haya. Wewe hujaona kitu. Mimi nimeona."

Akateka, akapitisha mkono juu ikawa ya mfuto kabisa, akamimina kwenye mfuko wangu, akamgeukia mteja mwingine. Nyongeza sikupata. Ile konzi moja ya mwisho ambayo hata mgeni wa njia huongezewa, mimi sikuwekewa. Kijana wa mkokoteni alikuwa amesimama pembeni anasikia yote.

Ameona nini?

Niliigeuza kwa sababu. Mwezi wa sita, kwenye meza nyingine kabisa, nilipimiwa maharage kwa sado iliyochomwa kitako kikasukumwa ndani. Ukitazama juu imejaa mpaka inamwagika, unajiona umependelewa. Nilipofika nyumbani nikayapima kwenye mizani ya jikoni aliyoniachia wifi. Sado ya halali hunipa kilo tatu na ziada; ile haikufika mbili na nusu. Zaidi ya nusu kilo ya maharage ni mboga ya siku nzima kwa watoto wangu. Wakala wa Vipimo wanasema mazao yauzwe kwa kilo kwenye mizani iliyokaguliwa, na mimi niko upande wao, lakini sokoni kwetu anayetawala ni sado, na sado haina mhuri. Kilichobaki cha kuikagua ni kiganja cha mnunuzi.

Na nyumba yetu iko hivi. Baba Glory, mume wangu, ni mpishi wa watalii wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2019 Tanzania ilipata watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walikuja 620,867. Kwa wengine hiyo ni taarifa ya habari, kwetu ilikuwa ada, kodi ya pango na mafuta ya kula. Tangu hapo nimejifunza kuhesabu, na sioni haya kusema ninahesabu kila kitu.

Mafuta, kwa mfano. Mwaka 2021 zaidi ya nusu ya mafuta ya kula ya nchi hii yalitoka nje, na bei ilipanda mpaka watu tukawa tunanunua ya kupima dukani kwa Mangi, ya mia tano mia tano. Siku moja nikayapima yale ya mia tano, kidogo kidogo, kwa kikombe cha dawa ya kikohozi cha mwanangu Junior, kile chenye mistari. Yalifika mililita sabini na tano. Nikakaa na kalamu: kwa kipimo hicho lita moja inakuwa zaidi ya shilingi 6,600, na lita nzima pale pale dukani ilikuwa 5,500. Yaani asiye na 5,500 kwa mkupuo ndiye analipa zaidi, na analipa kidogo kidogo asione. Hilo liliniumiza kuliko bei yenyewe. Tangu siku hiyo naweka mia tano tano kwenye kopo mpaka zitimie lita, na siku zikiwa hazijatimia tunachemsha mboga.

Umeme nimeupigania tubaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi, maana hapo uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, na ukivuka zile za juu zinakuwa 350. Pasi naiwasha mara moja kwa wiki, nguo zote kwa pamoja. Ile kodi ya jengo iliyoanza kukatwa kwenye LUKU, malipo ya umeme, Agosti 2021, wakati huo 1,000 kwa mwezi, ni mzigo wa mwenye nyumba, sisi ni wapangaji. Meseji za makato hayo nazitunza, na tukifika siku ya kulipa pango nitamwonyesha tukatane. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 niliacha kumtumia mama hela kwenye simu. Nampa kondakta wa gari la Kibosho, tunafahamiana, inafika mkononi. Hata walipozipunguza asilimia 30 mwaka huo huo sikurudi.

Huu siyo ubahili. Mbahili anazo anazificha. Mimi najua kila shilingi yangu inakokwenda kwa sababu nikiiacha njiani hakuna nyingine inayoifuata.

Wiki yenyewe imekuwa na mambo: Glory kamaliza mtihani wa darasa la saba, bosi katuambia nusu mshahara mpaka Desemba, Baba Glory kapanda mlima kwa njia ya Machame na wageni, Mungu ni mwema. Lakini usiku nikilala sisikii hayo. Namwona yule mama anapangusa sado.

Nimemtungia majibu mengi. "Mama, nakagua kipimo, sikukagui wewe." Hilo ndilo zuri kuliko yote, na lilinijia kesho yake naosha vyombo. Lingine: "Kama kiko sawa, kukitazama kunakupunguzia nini?" Hilo ni kali, nisingemwambia mtu wa umri wa mama yangu. Na kila nikijibu, yeye hanijibu, anapangusa tu. Kumbe kinachoniuma ni lile pangusa kuliko hata maneno, kama vile mkono wangu umeacha uchafu pale.

Mama yangu ameuza ndizi soko la Kiboriloni utoto wangu wote. Naujua uso wa muuzaji mtu anapomhesabia vichana mbele yake. Alikuwa hasemi kitu, ila tukirudi jioni alimtaja mtu huyo tena na tena: yule aliyenihesabia. Sasa huko Mbuyuni kuna nyumba ambako mimi ndiye yule aliyegeuza sado. Labda alichoona ni mwanamke mwenye hofu. Kama ni hivyo, ameona sawasawa, hofu ninayo, na sidhani ni mimi peke yangu katika mji huu mwaka huu.

Nilikuwa nimefika hapo jana jioni, moyo mzito, jirani yangu Mama Abdu akaniita uani. Mchele umefika.

Tuna mpango wetu: nyumba tano tunachanga, mtu mmoja anakwenda Mabogini kwenye mashine ya kukoboa baada ya mavuno ya mpunga ya Chekereni, ananunua gunia la kilo 100, tunagawana. Safari hii alikwenda Mama Irene. Ukijumlisha na nauli ya bajaji, kila kilo imetushukia kwa shilingi 300 chini ya bei ya Mangi. Mama Abdu alikuwa ameazima mizani ya saa buchani. Tukatandika turubai, Glory akashika tochi. Mama Abdu akaweka ndoo tupu kwanza, akaturuhusu wote tuinamie tusome mshale, ndipo akaanza kuteka. Ishirini, ishirini, ishirini. Mama Irene, ambaye ndiye aliyenunua, akasema ya kwake anaiona pungufu, ipimwe tena. Ikapimwa tena. Ilikuwa pungufu kweli, kama nusu kilo. Ikaongezwa. Hakuna aliyenuna! Dada wa chumba cha nyuma akasema naye yake irudiwe, basi tukacheka, tukazirudia zote tano, watoto wanapiga kelele za kutaja namba. Kilichobaki kwenye turubai tulikikusanya tukampelekea bibi wa kona.

Nilirudi ndani mwepesi sana. Nilichokuwa nakitafuta kwa yule mama siku zote hizi ndicho kile: watu wazima wameinamia mizani, na wanapendana.

Jumamosi nitarudi kwake. Sitamwomba radhi kwa kugeuza sado, ila nitapita meza nyingine zote mpaka nifike kwake, na nitamwambia sababu: sado yake ni bapa, nimeishika kwa mkono wangu. Sijui soko zima la Mbuyuni nani mwingine ninaweza kumwambia hivyo. Akinipa nyongeza nitashukuru. Asiponipa nitanunua vile vile, na maharage yake yameiva haraka, mkaa kidogo, hilo nalo nitamwambia.

Kitu kingine. Jana wakati wa kusoma mshale, Junior ndiye peke yake aliyekuwa anakosea. Nilidhani anafanya mchezo. Leo nimemwangalia akifanya hesabu za shule, daftari ameliweka karibu na pua, na jicho la kushoto analifumba. Nimemwuliza tangu lini, akasema yeye anaona hivyo hivyo siku zote. Baba yake akishuka mlimani itabidi mmoja wetu aombe ruhusa kazini tumpeleke hospitali ya KCMC kwenye macho. Bado sijajua kumwona daktari ni shilingi ngapi, wala miwani ya mtoto, na bima yetu iliisha mwezi wa tano.